Matende: Jina Linalochelewa

Neno letu leo ni tende. Si tunda la mtende, ambalo ni tende hii, tende hizi. Hili ni tende la mguu: tende hili, matende haya. Ngeli ndiyo inayoyatenga.

Jina hili linataja uvimbe, wala halimtaji mnyoo. Kumbe mnyoo wa filaria, anayeenezwa na mbu, huweza kukaa mwilini miaka kadhaa kabla mguu haujavimba. Wengi huambukizwa utotoni. Zamani wapimaji walichukua damu usiku, baina ya saa nne na saa nane, kwa kuwa ndipo viluwiluwi vya mnyoo huyo hujaa kwenye damu. Siku hizi tone la damu ya kidole hudondoshwa kwenye kipimo cha haraka, hata mchana, na baada ya dakika 10 hivi huonyesha antijeni za mnyoo aliyekomaa.

Basi aliyekutwa na mnyoo huku miguu yake ni mizima tusimwambie, “Una matende.” Tuseme ana maambukizi ya minyoo ya matende. Akitibiwa mapema, huenda jina lenyewe lisimfikie kamwe.