Mama mwenye mimba na paka wa nyumbani: mambo ya kujua na ya kufanya

Tunapotembelea jamaa za kanisa, swali moja hurudi mara kwa mara: mama akijua kwamba ana mimba, je, paka wa nyumbani afukuzwe? Wengine wamesikia kwa jirani kwamba paka huharibu mimba. Wengine wamekwisha kumtia paka katika mfuko na kwenda kumtupa mbali, na siyo siku nyingi panya wakaanza kutoboa mifuko ya maharagwe na mahindi. Kuna pia jambo zito zaidi: mtoto akizaliwa na ulemavu, maneno huanza mtaani, na mama ndiye anayehukumiwa.

Jibu kwa ufupi ni hili: paka anaweza kubaki nyumbani. Kinachotakiwa ni kuangalia mavi yake, udongo, nyama na maji. Tueleze sababu.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa unaoogopwa unaletwa na kidudu kiitwacho toksoplasma, kidogo mno, hakionekani kwa macho. Kilitambuliwa mwaka 1908 mjini Tunis na Charles Nicolle na Louis Manceaux, ndani ya mnyama mdogo wa jamii ya panya. Ilipita karibu miaka 60 kabla wataalamu hawajafahamu kazi ya paka katika jambo hili.

Kidudu hiki kinaweza kuishi ndani ya nyama ya wanyama wengi: mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, panya, hata binadamu. Lakini ni ndani ya matumbo ya paka na wanyama wa jamii yake tu ndimo kinamotaga mayai. Paka huambukizwa akila panya, ndege au nyama mbichi. Kisha hutoa mayai hayo katika mavi yake kwa muda wa wiki 1 hadi 3, na kwa kawaida ni mara moja tu katika maisha yake. Ndiyo maana paka mchanga anayeanza kuwinda ni wa kuangaliwa zaidi kuliko paka mzee wa nyumba.

Mayai hayo yakitoka leo, hayaambukizi mara moja. Yanahitaji siku 1 hadi 5 ili yakomae. Yakiisha kukomaa, yanaweza kudumu katika udongo wenye unyevu zaidi ya mwaka mzima.

Kwa hiyo kumshika paka mgongoni au kumpakata siyo njia kubwa ya kuambukizwa. Kwetu, ambako paka hujisaidia nje, hatari iko zaidi katika shamba, katika bustani ya lengalenga nyuma ya nyumba, na katika lundo la mchanga wa kujengea. Mama anaweza kukosa paka kabisa nyumbani mwake na bado akaambukizwa kwa udongo wa shamba, kwa maji, au kwa nyama isiyoiva.

Hatari kwa mtoto

Mtu mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi hasikii kitu. Wengine hupata homa ndogo, uchovu, au tezi za shingoni kuvimba, kisha hupona.

Hatari kubwa ni kwa mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba. Katika miezi ya kwanza, kidudu hupita kwa mtoto kwa nadra zaidi, lakini kikipita huleta madhara makubwa: mimba kutoka, maji kujaa kichwani, ubongo au macho kuharibika. Katika miezi ya mwisho hupita kwa urahisi zaidi, lakini mara nyingi mtoto huonekana mzima akizaliwa, na ugonjwa wa macho unaweza kujitokeza baada ya miaka.

Mama aliyeambukizwa zamani, kabla ya mimba, kwa kawaida mwili wake umekwisha kupata kinga, na mtoto wake hulindwa. Lakini mwenye virusi vya UKIMWI amwambie muganga wake, kwa sababu kwake ugonjwa wa zamani unaweza kuamka tena.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Mavi ya paka yaondolewe kila siku, kabla mayai hayajakomaa. Kazi hii ifanywe na bwana wa nyumba au mtu mwingine mkubwa, siyo mama mwenye mimba. Yafukiwe mbali na bustani na mahali pa kuteka maji. Ikiwa mama hana msaidizi, avae glavu au mfuko wa plastiki mikononi, kisha anawe kwa sabuni.

2. Chombo anachojisaidia paka kimwagiwe maji yanayochemka. Javeli peke yake haitoshi.

3. Mama akilima, avae glavu akizipata. Akitoka shambani anawe kwa maji na sabuni, akisafisha chini ya kucha, kabla ya kugusa chakula au mdomo. Watoto wanaocheza mchangani wanawe vilevile.

4. Nyama iive mpaka ndani, isibaki na wekundu. Michopo iliyoungua nje huku ndani ikiwa mbichi, mama aiache. Kuikausha nyama kwa moshi au kuitia chumvi hakuui kidudu kwa hakika. Ipikwe tena vizuri. Asionje mchuzi wakati nyama haijaiva. Kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata nyanya au vitunguu.

5. Mboga na matunda yanayoliwa mabichi yaoshwe vizuri kwa maji safi, na yanayoweza kumenywa yamenywe. Sombe na lengalenga zilizopikwa hazina shida.

6. Maji ya kunywa yachemshwe. Hapa tusisitize: klori tunayoitia katika maji kwa kuogopa kolera ni ya lazima na inafanya kazi yake, lakini haiui mayai ya toksoplasma. Maziwa pia, hasa ya mbuzi, yachemshwe.

7. Paka apewe chakula kilichopikwa, kama fufu na vichwa vya samaki, asipewe matumbo mabichi ya kuku au mbuzi. Paka aliyeshiba nyumbani huwinda kidogo zaidi. Wakati wa mimba siyo wakati wa kuleta paka mchanga mpya.

Akikwaruza au akiuma

Jeraha la paka lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mama aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Paka anaweza kuleta kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Chanjo yake haimdhuru mama mwenye mimba wala mtoto, asiikatae.

Kupimwa na kutibiwa

Mama akienda CPN, aseme wazi kama nyumbani kuna paka, kama analima, au kama amepata homa na tezi kuvimba. Ugonjwa huu hupimwa kwa damu. Si kila kituo kina kipimo hicho, na huenda akatumwa hospitali kubwa. Dawa zipo, lakini mojawapo haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza. Kwa hiyo asijinunulie dawa kwa kubahatisha.

Neno kwa jamaa na kwa kanisa

Mtoto akizaliwa na kichwa kikubwa au na macho yasiyoona, tumesikia watu wakisema kwamba mama alitenda vibaya, au kwamba paka mweusi wa jirani ni wa uchawi. Maneno hayo yamevunja ndoa, na yamefanya bibi wazee wafukuzwe katika nyumba zao. Tunayasema haya waziwazi: kidudu kisichoonekana kwa macho si dhambi ya mama, wala si kazi ya jirani. Wanafunzi walipomwuliza Yesu kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, dhambi ni ya nani, hakumlaumu yeye wala wazazi wake.

Jamaa ya namna hiyo inahitaji watu wa kuisindikiza hospitali na kuichangia nauli. Na kabla ya kufika huko, bwana wa nyumba anaweza kuanza leo: achukue jembe dogo, aondoe mavi ya paka nyuma ya nyumba, aweke sufuria ya maji juu ya makala. Mama apumzike.