PEMBE ILIYORUDI UNGUJA: Piano Kongwe na Vibao Vizito



Wakati wa masika, mtu akibonyeza kibao cha piano kongwe hapa Unguja, aghalabu kibao hicho hushuka kisirudi, au hurudi polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini. Walio karibu husema, "Imekufa hiyo." Basi piano husukumwa pembeni, hugeuzwa meza ya kuwekea vitabu, na mwisho wake ni kuni. Makala haya yanataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, piano hizo zina udugu na visiwa vyetu kuliko wengi wadhanivyo. La pili, mara nyingi hazikufa.

Tuanze na historia. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja. Wafanyabiashara wa Salem walileta nguo, ndiyo hiyo tuliyoiita merikani, wakachukua ngozi, sandarusi, karafuu na pembe za ndovu. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa sana kwa kuwa ni laini: hukatwa vipande vyembamba bila kupasuka ovyo.

Pembe hizo zilikwenda wapi? Nyingi zilipelekwa katika jimbo la Connecticut, kwenye vijiji viwili jirani, Deep River na Ivoryton. Jina la Ivoryton maana yake ni mji wa pembe. Huko viwanda vya Pratt, Read na Comstock, Cheney vilipasua pembe kwa misumeno, vikaanika vipande ndani ya vibanda vya vioo ili jua living'arishe, kisha vikavigandisha juu ya vibao vya mbao. Piano kamili ina vibao 88: 52 vyeupe na 36 vyeusi. Mwaka 1909 Marekani peke yake ilitengeneza piano zaidi ya 300,000. Familia nyingi za huko zilihesabu piano sebuleni kuwa ni dalili ya ustaarabu.

Lakini kila pembe ilifika pwani juu ya bega la mtu. Wengine walikuwa wapagazi wa ujira, hasa Wanyamwezi, watu mashuhuri kwa kazi ile. Wengine walikuwa watumwa, na wengi walifia njiani kabla ya kuiona Bagamoyo. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alijipatia utajiri wake kwa pembe za Manyema na Kongo, na nyumba yake ingali ikijulikana pale Shangani. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sayyid Barghash, chini ya shinikizo la Waingereza. Biashara ya pembe iliendelea. Mtoto wa Boston aliyejifunza wimbo wake wa kwanza hakuambiwa kidole chake kimegusa nini.

Baadaye piano zilivuka bahari kuja kwetu, katika nyumba za Wazungu, makanisa, vilabu na baadhi ya shule. Baadhi ya viwanda vya Ulaya vilitengeneza piano maalumu kwa nchi za joto, vikatia skrubu za shaba ili zisishike kutu, na kukaza viungo kwa skrubu pasipo kutegemea gundi tupu. Hivyo pembe iliyotoka ikiwa ghafi ilirudi ikiwa kibao. Iliporudi, ilikutana na hewa ya nyumbani.

Hewa hiyo ndiyo kiini cha tatizo. Kila kibao ni ubao mrefu unaopanda na kushuka juu ya pini za chuma. Matundu ya pini hizo yamepambwa feliti, yaani kitambaa kizito cha sufi ya kondoo. Mbao na sufi hunywa unyevu. Vikinywa huvimba, na vikivimba huibana pini. Aidha, chumvi ya bahari huzitia pini kutu. Tena piano ya kusimama ina udhaifu wake. Katika piano kubwa ya kulala, nyundo ikishapiga uzi huanguka kwa uzito wake. Katika ile ya kusimama, nyundo huenda mbele na kurudi nyuma, kwa hiyo hutegemea springi ndogo na ugwe wa kitambaa kuirudisha. Unyevu kidogo tu watosha kuishinda springi hiyo.

Mwenye kutafuta ugonjwa na afuate utaratibu. Kwanza aulize: ni kibao kimoja au vyote? Kikiwa kimoja, huenda penseli au sarafu imeangukia kati ya vibao, au springi imevunjika, au ugwe umekatika. Vikiwa vingi, mshitakiwa ni unyevu. Pili, akitikise kibao kushoto na kulia. Kibao kizima hucheza kidogo sana. Kisipocheza kabisa, kimebanwa kwenye pini. Tatu, aisukume nyundo yenyewe kwa kidole. Ikirudi kwa uvivu, basi kibao hakina kosa. Kilichobanwa ni kiungo cha nyundo.

Dawa ya kwanza ni ukavu. Piano iondolewe kwenye ukuta wa chokaa unaotoa unyevu na mbali na dirisha la upande wa bahari, ipewe siku kadhaa. Feliti inayobana kwenye kibao hulegezwa kwa koleo maalumu, kwa kuibana taratibu. Kiungo cha nyundo ni kazi ya fundi: huondoa pini na kutia nyembamba kidogo. Jambo moja ni haramu kabisa, nalo ni mafuta, yawe ya cherehani au ya nazi. Hulainisha kwa wiki moja, kisha feliti huvimba, hushika vumbi, na ubovu huwa maradufu.

Kipande cha pembe kikibanduka, kisitupwe. Katika miaka ya 1950 viwanda vya Marekani viliiacha pembe vikashika plastiki, na mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Kilichopotea ni vigumu kukipatia badala yake ya pembe.

Ninyi wanafunzi mna nafasi tusiyokuwa nayo. Mwaka 2002 Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilifungua milango mjini, katika jengo la Forodha ya zamani, na vijana wa hapa wakapata pa kujifunza muziki kwa utaratibu. Hata hivyo wapigaji peke yao hawatoshi. Ala bila fundi ni samani. Wale walioibeba pembe hii hatukuwekewa majina yao, wala hatuwezi kuwalipa. Kuiacha ioze kwa sababu ya feliti iliyovimba ni kuipoteza kazi yao mara ya pili. Kabla hamjasema imekufa, fungueni kifuniko, mtazame.