Mzimu Ulivyohamia Mjini: Mtazamo kutoka Mwambao wa Muhuta

Makala haya yanafuatilia jinsi mzimu, uliozoeleka katika fasihi simulizi, ulivyoingia katika hadithi za mjini zinazoandikwa kwa Kiswahili. Tunautazama mkondo huo tukiwa na mwambao wa Ziwa Tanganyika akilini, kuanzia Muhuta, kusini mwa Bujumbura, hadi Rumonge. Swali letu ni moja: katika hadithi hizo, mzimu unadai nini?

Tuanze na neno lenyewe. Mzizi -zimu ni wa Kibantu wa zamani sana. Mwanafunzi wa Muhuta anaujua kabla hajafika darasani, kwa kuwa Kirundi kina umuzimu na ikuzimu kama Kiswahili kilivyo na mzimu na kuzimu. Aidha, katika Kiswahili neno mzimu lina maana mbili: roho ya marehemu, na mahali panapotolewa sadaka kwa roho hizo.

Maana hiyo ya pili ndiyo iliyotangulia katika riwaya ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, na kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Mauaji yanahusishwa na mzimu, lakini Bwana Msa, mwenye kiko na hoja, anathibitisha kuwa muuaji ni binadamu. Hapo mzimu ni imani ya kale inayoshindwa na akili ya kisasa.

Hata hivyo, mji wenyewe haukuwa umeepukana na hofu. Wakati wa ukoloni uvumi wa mumiani ulienea Nairobi, Kampala na kwingineko: watu wa zimamoto walisemekana kukamata wapita njia na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 2000, aliuchukulia uvumi huo kuwa ushahidi wa kihistoria. Kwa njia yake watu walizungumzia kazi, mamlaka na utawala wa kikoloni.

Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed alichapisha Babu Alipofufuka. Mhusika mkuu, K, ni kigogo wa serikali anayeishi kwa starehe. Babu yake aliyekufa anamtokea na kumpeleka akaone hali ya watu aliowasahau. Tofauti na enzi za Bwana Msa, sasa marehemu ndiye mwenye hoja, na aliye hai ndiye anayeulizwa.

Mkondo huu si wetu peke yetu. Nchini Thailand husimuliwa habari za Mae Nak wa Phra Khanong, mwanamke aliyefariki akijifungua naye akaendelea kumngoja mumewe nyumbani. Phra Khanong leo imo ndani ya jiji la Bangkok, na watu bado humpelekea sadaka katika hekalu la Wat Mahabut. Filamu ya Nang Nak ya 1999 ilimrudisha kwa watazamaji wapya. Wamalai nao wana pontianak, ambaye pia hutokana na kifo cha uzazi. Kote huko, anayerudi ni yule ambaye mambo yake na walio hai hayajakwisha.

Tukirudi mwambaoni, tunakuta historia inayolipa swali hili uzito. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na sehemu nyingine za kusini mwa Burundi. Waasi waliua raia, hasa Watutsi. Kisha jeshi na vyombo vya dola viliwaua Wahutu nchi nzima. Makadirio ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Wengi walikimbilia Tanzania, wakawekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako watoto wao walisomeshwa kwa Kiswahili. Miaka ya 2000 baadhi yao walirejea Rumonge na kukuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Mapema 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua mabaki ya maelfu ya watu huko Karusi.

Kwa hiyo, katika mwambao huu Kiswahili ni, pamoja na mengine, lugha ya watu ambao jamaa zao hawakuzikwa kwa heshima. Mwanafunzi anapoandika insha kuhusu mzimu unaobisha hodi katika nyumba ya mjini, mwalimu asiharakishe kuiita ushirikina. Asome kwanza ni nani anayebisha, na anadai nini.

Tunahitimisha kwa zoezi la sarufi. Kwa umbo lake, mzimu ni nomino ya ngeli ya M-MI: mzimu umerudi. Lakini ukianza kusema, kulia na kudai shamba lake, wengi wetu tutasema mzimu amerudi, kama tunavyosema juu ya mtu. Walimu wenzetu wawaulize wanafunzi wachague upatanisho upi, kisha watetee uchaguzi wao. Katika darasa la Muhuta au Rumonge, jibu litakuwa pia maoni juu ya kama marehemu bado ni mtu mwenye haki.