Waziri asipofika, swali la mbunge huenda wapi?

MVUTANO kuhusu ni nani anayepanga shughuli za Bunge la Kenya, na ni lini waziri anapaswa kusimama mbele ya wabunge kujibu maswali, umedumu katika tawala mbalimbali na chini ya katiba mbili. Wapo wanaouona kuwa ni suala la ratiba tu. Hata hivyo, nyuma ya kila swali lililoahirishwa kuna mwananchi anayesubiri kuelezwa kwa nini barabara imekwama, zahanati haina dawa au fidia ya shamba haijalipwa.

Makala haya yanaeleza jinsi utaratibu huo ulivyokuwa, jinsi ulivyobadilika na mahali ambapo ugumu ungali unajitokeza.

Mawaziri walipokuwa wabunge

Chini ya katiba ya zamani, waziri alikuwa kwanza mbunge. Alikuwa na kiti chake ukumbini, aliwasilisha miswada ya wizara yake mwenyewe, na aliweza kuulizwa swali mbele ya wenzake wote. Mbunge aliyetaka maelezo alipeleka swali lake kwa Karani wa Bunge, nalo likachapishwa katika orodha ya shughuli za siku. Jambo lisiloweza kusubiri liliulizwa kwa njia ya swali la dharura.

Waziri asipopatikana, waziri msaidizi alijibu kwa niaba yake. Baada ya jibu yalifuata maswali ya nyongeza, na hapo ndipo wengi walipotoka jasho, kwa kuwa jibu la kwanza liliandikwa na maafisa wa wizara, lakini ya nyongeza yalimtaka waziri awe anaifahamu kazi yake.

Utaratibu huo ulikuwa na dosari zake. Waziri angeweza kuwa ziarani, kwenye kikao cha Baraza la Mawaziri au katika eneobunge lake, huku msaidizi wake pia akikosekana. Spika alilazimika kuahirisha swali, na mwulizaji akarudi kwa wapigakura wake mikono mitupu. Hata hivyo, kiti kitupu cha waziri kilionekana na kila mtu aliyekuwa ukumbini, na utoro wake uliandikwa katika Hansard.

Mzozo wa Aprili 2009

Tukio lililodhihirisha uzito wa ratiba ya Bunge lilitokea wakati wa serikali ya muungano, iliyoundwa mwaka 2008 baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kanuni mpya za Bunge zilikuwa zimeanza kutumika, na ndani yake Kamati ya Shughuli za Bunge ilipewa jukumu la kuamua ni mswada upi ujadiliwe, hoja ipi itangulie na muda gani utengwe kwa kila jambo.

Kamati hiyo ilipaswa kuongozwa na Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni. Swali likawa: huyo ni nani? Rais Mwai Kibaki aliwasilisha jina la Makamu wa Rais, Kalonzo Musyoka. Waziri Mkuu Raila Odinga naye akamwandikia Spika akijitaja mwenyewe kuwa ndiye anayestahili. Serikali moja ikawa na viongozi wawili wa shughuli zake.

Mnamo Aprili 28, 2009, Spika Kenneth Marende alitoa uamuzi uliosubiriwa nchini kote. Alikataa kumtambua yeyote kati ya wawili hao hadi Rais na Waziri Mkuu washauriane na kumletea jina moja. Ili shughuli zisikwame, aliamua kwamba yeye mwenyewe angeiongoza kamati hiyo kwa muda.

Uamuzi huo ulilinda jambo la msingi. Bila kamati ya ratiba hakuna orodha ya shughuli, na bila orodha hiyo hakuna mswada unaosomwa wala swali linaloulizwa. Anayeishika ratiba anaweza kuchelewesha hoja asiyoipenda bila kuipinga hadharani. Ndiyo maana vyama viwili vilivyokuwa vikigawana mawaziri 40 vilikuwa tayari kuvutana hadharani kwa ajili ya kiti cha kamati.

Kanuni hizo pia zilianzisha kipindi cha Waziri Mkuu kila Jumatano alasiri, ambapo Odinga alitoa taarifa na kuulizwa maswali kuhusu sera za serikali. Wadhifa wa Waziri Mkuu ulipokoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kipindi hicho nacho kilitoweka.

Katiba ya 2010 yawatoa mawaziri ukumbini

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilileta mageuzi makubwa. Kifungu cha 152 kinasema waziri hawezi kuwa mbunge, na idadi ya mawaziri isipungue 14 wala kuzidi 22. Nia ilikuwa kutenganisha Serikali Kuu na Bunge, kumpa Rais nafasi ya kuteua wataalamu, na kukomesha desturi ya kuwafunga wabunge midomo kwa kuwapa vyeo vya uwaziri.

Badala ya Kiongozi wa Shughuli za Serikali, pakawa na Kiongozi wa Wengi na Kiongozi wa Wachache. Miswada ya serikali ikawa inawasilishwa na Kiongozi wa Wengi au wenyeviti wa kamati, watu ambao si watendaji wa wizara yoyote.

Kuhusu mawaziri, Kifungu cha 153 kilieleza mambo mawili ambayo si rahisi kuyapatanisha. Kwanza, mawaziri wanawajibika kwa Rais, mmoja mmoja na kwa pamoja. Pili, waziri sharti afike mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapotakiwa, na ajibu swali lolote kuhusu majukumu yake. Pia wanatakiwa kulipa Bunge ripoti kamili na za mara kwa mara.

Neno lililobeba uzito hapo ni "kamati". Tangu 2013, mbunge wa kawaida hakuweza tena kumwuliza waziri ukumbini. Swali lake lilipelekwa wizarani, na waziri akajibu katika chumba cha kamati. Mwulizaji ambaye si mwanachama wa kamati hiyo alilazimika kuacha shughuli nyingine na kwenda huko. Mara nyingine mwenyekiti wa kamati alisoma ukumbini jibu aliloandikiwa na wizara. Akiulizwa swali la nyongeza, hakuwa na cha kusema zaidi ya kilichoandikwa.

Malalamiko yakaongezeka. Mawaziri walituma manaibu wao au makatibu wa wizara, wakaomba tarehe nyingine, au wakaeleza kwamba walikuwa na shughuli za Rais. Kamati nazo zikajikuta zikitumia vikao vyao kujadili utoro badala ya jambo lililowaitisha.

Mawaziri warejea, lakini kama wageni

Desemba 2022, Rais William Ruto aliwaandikia Spika Moses Wetang'ula wa Bunge la Taifa na Spika Amason Kingi wa Seneti, akipendekeza Kanuni za Bunge zibadilishwe ili mawaziri waweze kujibu maswali mbele ya wabunge wote. Mabunge yote mawili yalirekebisha kanuni zao, na kuanzia 2023 mawaziri wakaanza kuonekana tena ukumbini. Seneti ilitenga Jumatano asubuhi kwa kazi hiyo.

Hatua hiyo ilirejesha uhai wa maswali, lakini ikazaa tatizo la hesabu. Vikao vya kawaida vya Bunge la Taifa hufanyika Jumanne na Alhamisi saa nane unusu alasiri, na Jumatano mara mbili, saa tatu unusu asubuhi na saa nane unusu alasiri. Asubuhi za siku hizo ndizo kamati nyingi hukutana. Mawaziri hawazidi 22, ilhali Bunge la Taifa lina wabunge 349 na Seneti ina wanachama 67, bila kuwahesabu Maspika.

Kwa hiyo waziri mmoja wa afya, barabara au elimu anaweza kutakiwa na Seneti, na kamati ya Bunge la Taifa, na Baraza la Mawaziri, katika juma lile lile. Wizara zinazogusa maisha ya kila siku ndizo huulizwa zaidi, na ndizo zenye mawaziri wagumu kupatikana. Mialiko isipopangwa kwa mawasiliano kati ya makarani wa mabunge hayo mawili, waziri hupata kisingizio halali: alikuwa mbele ya Bunge lile jingine.

Tatizo jingine lilijitokeza Julai 2024, Rais Ruto alipowafuta kazi mawaziri kufuatia maandamano ya vijana, akimbakisha Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi. Wizara zilisimamiwa na makatibu wake hadi mawaziri wapya walipoapishwa Agosti. Anayetajwa na Kifungu cha 153, hata hivyo, ni waziri.

Bunge lina rungu gani?

Kisheria, Bunge si kibogoyo. Kifungu cha 125 kinalipa Bunge na kamati zake mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu ya kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au alete stakabadhi. Sheria ya Mamlaka na Haki za Bunge ya 2017 inaruhusu anayepuuza agizo la kufika atozwe faini isiyozidi Sh500,000.

Silaha nzito zaidi ni kumwondoa waziri. Robo ya wabunge wa Bunge la Taifa wanaweza kutaka hoja hiyo ijadiliwe. Ikiungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wabunge, kamati ya watu 11 huundwa kuchunguza, nayo hutakiwa kuripoti ndani ya siku 10. Mei 2024 wabunge 149 waliunga mkono hoja dhidi ya aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, kuhusu mbolea ghushi. Kamati iliyoundwa, kwa kura saba dhidi ya nne, iliona madai hayo hayakuthibitishwa, na mchakato ukaishia hapo.

Mfano huo unaonyesha kwamba adhabu kubwa haifai kutibu kosa la kila juma. Waziri aliyekosa kufika Jumatano moja hawezi kuondolewa ofisini kwa sababu hiyo pekee, na faini hutozwa kwa nadra. Kati ya onyo la Spika na kura ya kumwondoa waziri kuna pengo pana, na humo ndimo utoro hustawi.

Nchini Tanzania, ambako Katiba inataka mawaziri wateuliwe miongoni mwa wabunge, naibu waziri aliye ukumbini anaweza kusimama mara moja kujibu. Kenya iliacha njia hiyo kwa hiari yake, kwa sababu zilizoungwa mkono na wananchi katika kura ya maamuzi. Gharama yake ni kwamba kila jibu sasa linahitaji mwaliko, tarehe na mtu wa kuitikia.

Mbunge anaweza kusubiri tarehe nyingine. Kwa mgonjwa anayesubiri dawa, au mkulima aliyepanda kwa mbolea isiyofaa, msimu hauahirishwi. Muhula wa Bunge ukimalizika kabla jibu halijatolewa, swali hukoma nao, na anayetaka kujua hulazimika kumtafuta mbunge mwingine aliulize upya.