Madereva wa Mabasi na Ajali Zisizo na Mgongano



Mwaka huu twaandika habari za madereva wa mabasi walioumia pasipo kugongana na gari lolote. Mtu akisikia neno ajali huwaza motokaa mbili zilizokutana uso kwa uso. Lakini katika njia itokayo Griftu kwenda Wajir, kisha Habaswein na Modogashe hadi Garissa, dereva aweza kwenda muda mrefu asione gari jingine, naye akafika ameumia.

Zama za ukoloni wilaya hizi zilifungwa, na mtu hakuingia wala kutoka pasipo kibali. Abiria hawakufikiriwa sana barabara zilipokatwa. Baada ya uhuru ikaja vita ya shifta: hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, na kabla ya mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 mabomu yalikuwa yakifukiwa njiani. Tairi la mbele ndilo hukanyaga kwanza, na dereva huketi karibu nalo.

Amani iliporudi, udongo na mchanga vilibaki. Mabasi mengi ya nchi yetu hujengwa juu ya fremu ya lori, yenye springi ngumu za kubebea mizigo, na njia ikifanya mawimbi kila pigo hupanda hadi kwenye uti wa mgongo. Usukani wa magari ya zamani ulikuwa na hila yake: gurudumu likipiga jiwe, usukani huzunguka ghafula, na kidole gumba kilichoshika kwa ndani huvunjika. Kwa hiyo madereva wa kale waliwafunza vijana kuweka gumba nje. (Mafunzo hayo hayakuandikwa katika kitabu chochote cha leseni tukijuacho.) Kuna pia pete ya chuma ya rimu, iwezayo kuruka kama risasi tairi likijazwa upepo, na maji ya rejeta yachomayo uso wa mwenye haraka. Tena mzigo ukizidi juu ya paa, basi huinama katika shimo na kulala ubavu. Ikiwa ni upande wa dereva, yeye hubanwa kati ya mlango na usukani.

Mvua nazo zina hesabu yake. Laga iliyokauka asubuhi yaweza kujaa adhuhuri kwa mvua iliyonyesha mbali. Mwezi wa Aprili 2024 basi lilisombwa na mafuriko karibu na Tula, katika Kaunti ya Tana River, na abiria 51 wakaokolewa. Hapo watu walisema dereva ana kosa, na huenda ni kweli; lakini anayengoja ukingoni hulaumiwa vilevile, na abiria na mwenye gari pia.

Sasa tutazame sheria, maana hapa ndipo wengi wetu hupotea. Bima ya lazima ya magari, iliyo katika Sura ya 405, humlinda abiria na mpita njia. Haimlazimishi mwenye gari kumkatia bima mwajiriwa wake aumiaye kazini. Haki ya dereva imo katika Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019. Kwa sheria hiyo, mwajiri hupaswa kupeleka habari ya ajali kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7, na madai hutolewa ndani ya miezi 12. Aliyelemaa kabisa asiweze kazi tena hustahili mishahara ya miezi 96.

Basi lililogongana huacha magari mawili na mashahidi wa pande mbili. Gumba lililovunjika karibu na Griftu hufungwa kitambaa, utingo akashika usukani, na safari ikaendelea. Hakuna aliyeandika neno. Na huyo aliyetikiswa miaka 15 hata mgongo ukakataa kunyooka, karatasi ikimwuliza siku ya ajali, ataandika siku gani?