Marthia ya Mti: Vigango na Majina Yaliyopotea

Ni ada ya washairi wetu wa mwambao, afapo mtu mwenye cheo na wema wake, kumtungia marthia. Katika beti hizo jina la marehemu hutajwa, nasaba yake ikapangwa na amali zake zikahesabiwa, ili asije akafa mara ya pili kwa kusahauliwa. Nyuma ya miji yetu ya mawe, katika vilima na makonde ya bara iliyo karibu, jirani zetu Wamijikenda wana marthia yao isiyoandikwa wala kughanwa. Huichonga mtini, wakaisimamisha ardhini, wakaiita kigango.

Kigango si cha kila maiti. Marehemu wa kawaida huwekewa koma, kijiti kifupi kisicho na mapambo mengi. Kigango ni haki ya mzee aliyeingia katika chama cha Gohu, nacho ni chama cha watu wenye mali na heshima, ambao uanachama wao ulilipiwa kwa karamu na ada zisizo haba. Hutokea baada ya mazishi marehemu akamjia jamaa yake ndotoni, au maradhi na mikosi ikaiandama nyumba, na waganga wakabaini kuwa aliyelala anataka kusimamishwa. Hapo huitwa fundi, akachonga ubao wa mti mgumu, wenye kichwa cha duara na kiwiliwili bapa kilichojaa pembetatu ndogo ndogo zilizotiwa rangi. Vingine hupita kimo cha mtu. Kisha huvishwa vitambaa, hutiliwa tembo la mnazi na kuchinjiwa, na kuanzia siku hiyo mzee huwa amerejea mjini kwake, akiwatazama wanawe.

Mambo mawili yafaa tuyashike hapa, kwani yote yatakayofuata yatokana nayo. La kwanza, kigango kikishasimamishwa hakihamishwi. Ukoo ukihama kutafuta shamba jipya, kigango huachwa pale pale, kioze kwa mvua na mchwa, kwa kuwa kuoza nako ni sehemu ya safari yake. La pili, hakina maandishi. Jina la mwenyewe halimo mtini. Limo vinywani mwa watu wa nyumba yake. Mti na kumbukumbu ni kama mshororo na kina chake: ukivitenga, kimoja hubaki bubu na kingine hubaki yatima.

Zamani Wamijikenda waliishi ndani ya kaya, miji yenye ngome ya msitu. Katika karne ya kumi na tisa wengi walitoka wakaenea makondeni, na mwaka 1914, wakati wa upinzani wa Wagiriama ambao Mekatilili wa Menza alikuwa miongoni mwa viongozi wake, serikali ya Kiingereza iliibomoa Kaya Fungo kwa baruti. Vigango basi vilisimama katika miji midogo iliyotawanyika, pasi na ukuta wala mlinzi ila hofu ya wafu. Hofu hiyo ilitosha kwa muda mrefu. Ilipoanza kupungua, na njaa ya vijana ikazidi, na watalii wakajaa pwani, mlango ulikuwa wazi.

Tangu miaka ya 1970 vigango vilianza kuonekana katika maduka ya vinyago, na kutoka huko vikavuka bahari. Kijana aliyeking'oa usiku alipata fedha ya siku chache. Mnunuzi wa Marekani alikilipia maelfu ya dola. Sheria ya kodi ya nchi hiyo nayo ilikuwa na tamu yake, kwani anayekitoa kitu kwa makumbusho huruhusiwa kupunguziwa kodi kwa kadiri ya thamani iliyokadiriwa. Hivyo matajiri, wakiwamo waigizaji wa Hollywood, walivitoa vigango kwa makumbusho na vyuo, wakashukuriwa kwa ukarimu. Wauzaji walijitetea kuwa hivi ni vitu vilivyotupwa, kwa sababu vilikutwa mahali ambapo watu wamehama. Waliusoma mwisho wa ada wakaufanya kibali cha kuchukua. Kwa hoja hiyo, kila kaburi ambalo wafiwa wake wamehama ni mali ya apitaye.

Sisemi kuwa kila mkusanyaji alikuwa mwizi. Wengi walikipenda kwa dhati kile walichokiona: mistari iliyonyooka, utulivu wa uso, mti uliopigwa na jua hata ukawa kama mfupa. Lakini walipenda umbo. Kibao kilichobandikwa chini yake makumbushoni kilitaja kabila, nchi na aina ya mti, kisha jina la mfadhili. Jina la marehemu halikuwamo. Aliyetoa akakumbukwa na aliyefariki akafutwa. Marthia ikageuka kuwa sifa za mwenye kununua.

Lililovunja ukimya huo ni picha moja. Mwaka 1985 Monica Udvardy, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, alimpiga picha mzee mmoja wa kijiji cha Chalani, amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vigango hivyo vikaibwa. Mzee alifariki pasipo kuviona tena, na jamaa zake waliihesabu mikosi iliyofuata kuwa ni malipo ya kukosekana kwavyo. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Kiafrika, Udvardy aliona katika picha za mwenzake Linda Giles kigango kimoja kilichokuwa katika makumbusho huko Illinois, akakitambua. Cha pili kikagunduliwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Wawili hao, pamoja na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha habari hiyo mwaka 2003, wakaonyesha kuwa vigango takriban 300 vilikuwa vimeenea katika makumbusho 19 ya Marekani. Madai yakafuata, na mwezi wa Juni 2007 ndugu wale wawili walirejeshwa Chalani kwa ngoma na vigelegele.

Tujiulize: ni kipi kilichowarudisha? Si uzuri wa uchongaji, maana vingine vilivyobaki huko havikuwa duni kwao. Si sheria peke yake. Ni kuwa palikuwa na ushahidi uliounganisha mti, mahali na mtu. Picha ile ilifanya kazi ambayo beti hufanya: ilitaja.

Sasa tutazame vile visivyo na picha. Makumbusho ya Denver Museum of Nature & Science yalitangaza mwaka 2014 kuwa yanaachilia vigango 30; vilifika Kenya mwaka 2019, baada ya miaka ya mivutano, mmojawapo ukiwa ni wa ushuru wa forodha, kana kwamba wazee wanaorudi nyumbani ni bidhaa za biashara. Mwaka 2023 makumbusho ya Illinois yalirejesha vingine 37. Twafurahi, na yapasa tufurahi. Hata hivyo furaha hiyo ina doa. Vingi katika hivyo haijulikani vilitoka mji gani, wala ni vya baba wa nani. Vimerudi nchini, havijarudi nyumbani. Vimetoka ghala la ng'ambo vikaingia mikononi mwa makumbusho ya kwetu, na mwenye kuvitilia tembo hayupo, kwa sababu hajui kuwa ni wake.

Wasomaji wa visiwani huenda wakasema: haya ni mambo ya Wanyika, sisi yatuhusu nini? Naam, kauli hiyo ni ya zamani nayo ina sehemu yake katika lawama. Tuliviita masanamu ya ushirikina, tukageuza nyuso, na baadhi ya maduka yaliyoviuza yalikuwa katika mitaa yetu wenyewe. Si lazima mtu aiamini ada ya jirani ili alilinde kaburi lake. Isitoshe, sisi nasi tuna vitu vya namna hiyo. Katika makumbusho ya Lamu zimehifadhiwa siwa mbili, ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba. Habari za Pate zasimulia jinsi Mwana Darini alivyonyimwa siwa kwa tohara ya mwanawe, naye badala ya kuiba au kununua kilicho cha wenziwe akaagiza ichongwe nyingine. Aliyeitaka anajulikana, na sababu anayo. Iwapo siwa hiyo ingekutwa leo katika kabati la tajiri wa Ulaya, hadithi hiyo ndiyo ingekuwa shahidi wetu wa kwanza. Lakini ni milango mingapi ya nakshi imeng'olewa katika nyumba zetu ikauzwa, na hakuna aliyeandika hata jina la mtaa?

Misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2008, na hilo ni jambo jema kwa miti iliyo hai. Miti iliyochongwa yahitaji jambo jingine, tena rahisi kuliko mikutano ya mabalozi: kijana mwenye daftari na kamera, aketi na bibi na babu wa kila mji ulio na kigango, aandike ni cha nani, kilisimamishwa mwaka gani, na nani alichonga. Wanaojua majina hayo ni wazee, na kila msimu wa mvua huondoka na baadhi yao. Daftari hilo litafaa siku kigango kikiibwa. Na kisipoibwa, kikaoza kwa amani pale kilipotiwa, jina litabaki, na hiyo ndiyo kazi ya marthia.