Pakacha, Orodha na Ubeti

Mvuvi wa Moa akikuuzia pakacha lililofungwa, akasema ni changu watupu, una njia mbili: ulikague papo hapo pwani, au ulifungue jikoni, maji yakichemka, ukute dagaa.

Ndilo swali lililowakabili waundaji wa Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, iliyotangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Orodha katika lugha hiyo ilipokea chochote: jina, namba, tarehe. Mwandishi alijua kuwa orodha yake ni ya majina. Lugha yenyewe haikujua. Namba ikipenya, hapana aliyeshtuka hadi programu ilipohitaji jina, ndipo ikaanguka.

Waliotaka ukaguzi walisema kosa likamatwe programu ingali inaandaliwa. Hoja ya pili nayo ilikuwa nzito: sarufi itakuwa ngumu, na je, programu zilizokwisha kuandikwa zitatupwa?

Mwaka 1998 Gilad Bracha, Martin Odersky, David Stoutamire na Philip Wadler walitoa pendekezo la upatanishi, nalo likawa msingi wa Java 5 ya mwaka 2004. Mwandishi atangaze aina ya vitu vitakavyomo, naye atakaguliwa kwa tangazo lake. Asiyetangaza huonywa, wala hafungiwi mlango. Upatanishi huo ulikuwa na gharama: baada ya ukaguzi tangazo hufutwa, hata programu inapotenda kazi, orodha haiwezi kuulizwa imebeba nini.

Sisi washairi tunakijua kisa hiki kwa sura nyingine. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, na mzozo ukapamba moto: je, hayo ni mashairi? Tulibishana kana kwamba hapana budi wote wapimwe, au asipimwe yeyote.

Kumbe ipo njia ya tatu. Aliyetangaza tarbia na apimwe kwa tarbia, mizani kwa mizani. Asiyetangaza asihukumiwe kwa ahadi asiyoitoa. Lakini naye ajue kwamba hana wa kumwonya mapema, na kosa lake litafichuka mbele ya hadhira.